Gauni la Maua Madogo

Kushonea wanasesere si mchezo wa watoto, ingawa mtaa mzima ulikuwa umeshaamua kwamba ni mchezo na haukutaka kusikia vinginevyo. Walimwita Mama Midoli. Wapo waliomwita hivyo kwa mapenzi na wapo waliomwita kwa kumchimba, naye aliitika kote kote, kwa sababu mwanamke ambaye mume wake amelala na plasta kuanzia pajani hadi kwenye kisigino hana nafasi ya kuchagua majina.

Mume wake alikuwa mpaka rangi. Alianguka kutoka kwenye ngazi akiwa anamalizia ukuta wa jengo la mtu, na mwenye jengo alituma pole, akatuma na mfuko wa machungwa, halafu simu yake ikawa inaita tu bila kupokelewa. Tangu hapo nyumba iliishi kwa cherehani. Nayo cherehani iliishi kwa wanasesere, maana nguo za watu siku hizi zinanunuliwa zikiwa zimeshashonwa, zinaning'inia, mtu anachagua anaondoka. Wanasesere hawa hawakuwa wale wa kitambaa wanaobebwa mgongoni na watoto. Walikuwa warembo wa plastiki, wenye kiuno cha kupita kwenye pete na nyayo zilizonyanyuka muda wote kama wanachungulia dirishani, na walitaka nguo za mtindo: magauni ya jioni, makoti, sketi za kubana, hata vikoba vya mkononi.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi mdogo. Chumba kimoja cha mume na mke, kingine cha baba mkwe. Baba mkwe aliitwa Mzee Saa, kwa kuwa alitengeneza saa za watu maisha yake yote, mpaka watu walipoanza kutazama wakati kwenye simu. Alikuwa mjane. Mkewe alifariki kabla mwanawe hajaoa, kwa hiyo Mama Midoli hakuwahi kumwona mama mkwe wake ila kwenye picha moja ya ukutani, amesimama wima kama anayesubiri kuitwa jina.

Katika wote waliomzunguka, Mzee Saa peke yake hakuwahi kucheka kazi yake. Siku ya kwanza alipomkuta mkwewe anahangaika kugeuza mkono wa kigauni, mkono mwembamba kama mrija wa soda, alisimama akatazama, kisha akaingia chumbani kwake bila neno. Alirudi na kibano chake cha chuma na kioo chake cha kukuzia vitu vidogo, kile cheusi cha kuvaa jichoni.

"Chukua, mwanangu," alisema. "Vinakaa bure tu humo ndani."

"Baba, si vyako vya kazi?"

"Kazi ipi tena? Mikono yangu hii ukinipa saa leo nitakurudishia mchanga." Akaketi kando yake. "Saa ya ukutani ukikosea kidogo hakuna anayejua. Lakini saa ya mkononi, saa ya mwanamke, hiyo ukikosea unywele tu inasimama. Wewe unashona saa za wanawake."

Hakuna mtu aliyewahi kumsifu namna ile. Tangu siku hiyo walikuwa wakikaa pamoja ukumbini, yeye akishona, mzee akimtungia uzi kwenye sindano, maana macho yake bado yalikuwa mazima hata kama vidole vilikuwa vikitetemeka. Mara kumi sindano ingempita, mara ya kumi na moja angeitungia, na Mama Midoli alijifunza kutomharakisha.

Siku moja mwenye duka la midoli aliyekuwa akinunua kazi yake alimnyanyua kwa ncha za vidole mwanasesere aliyevikwa gauni la kijani, akamsogeza mlangoni penye mwanga.

"Mshono mzuri," alisema. "Lakini huyu ametoka wapi na pazia?"

Msichana wa kuuza alicheka huku ameziba mdomo.

"Si pazia, dada," alisema Mama Midoli. "Kitambaa kizuri hiki. Hakichuji."

"Sijasema kinachuja. Nasema tazama ua lenyewe. Ua moja limekuwa kubwa kuliko kichwa chake. Mtu wa kawaida akivaa gauni lenye ua kubwa kuliko kichwa, wewe utamwelewa?" Alimweka mwanasesere mezani, akamgeuza huku na huku. "Hawa watakaa dirishani kwenye duka jipya. Watu watasimama nje kuwatazama. Nataka mtu akiwaona asahau kwamba ni plastiki. Nataka maua madogo. Madogo kabisa, kama punje."

"Nitatafuta."

"Tafuta, na uniletee Ijumaa. Wakinipendeza hawa, nguo zote za duka nitakupa wewe, kila mwezi. Wasiponipendeza, yupo mwingine ameshaniletea sampuli." Akafunga mazungumzo kwa kumrudishia pazia lake.

Kazi ya kila mwezi. Alitoka pale maneno hayo yakimzunguka kichwani. Alikuwa amejikaza kisabuni tangu mumewe aanguke, akiomba huku, akikopa kule, akimwambia mwenye nyumba kesho na keshokutwa mpaka mwenyewe akawa anaona aibu kusikia sauti yake. Kazi ya kila mwezi ingemwezesha kupita mbele ya mlango wa mwenye nyumba bila kuinama.

Akaingia maduka ya vitambaa, moja baada ya jingine. Kila alipopita aliona maua makubwa: maua kama sahani, maua kama miavuli, majani ya kumfunika mtoto. Muuza vitambaa mmoja mzee alimwonea huruma akapekua mpaka rafu ya chini.

"Maua unayotaka ni ya bibi zetu, mama," alisema akijipangusa vumbi. "Siku hizi kila mtu anataka aonekane kutoka ng'ambo ya barabara."

Mumewe alikuwa ameegemea mto, mguu juu ya stuli. Alimsikiliza mpaka mwisho, akakuna plasta kwa kijiti kama kawaida yake.

"Maua madogo?" alisema. "Mbona yapo humu humu ndani."

"Wapi?"

"Kwenye sanduku la baba, juu ya kabati. Kuna gauni la marehemu mama. La buluu, lina viua vyeupe hivi, kama chumvi imemwagika."

"Hapana. Lile si langu la kugusa."

"Limelala humo miaka yote hiyo, linaliwa na nondo. Mwenyewe hata hakumbuki kama lipo."

"Basi kamwulize."

"Nitamwambia. Ni baba yangu, na aliyevaa alikuwa mama yangu. Wewe hofu yako nini?"

Asubuhi iliyofuata Mzee Saa alikwenda kliniki kupimwa presha. Mama Midoli aliporudi kutoka bombani na ndoo yake, alimkuta mumewe amesimama ukumbini na magongo, jasho linamtoka, gauni la buluu limening'inia begani kwake.

"Nimeshamwambia," alisema mumewe. "Kasema chukua."

Alisema hivyo akiwa ametazama ukuta. Mama Midoli aliliona hilo, akaliacha lipite. Ijumaa ilikuwa imekaribia, na mtu aliyefikwa na maji shingoni huwa hana hamu ya kupeleleza kamba anayotupiwa.

Akalitandika gauni mezani. Lilikuwa limeshonwa kwa mikono ya fundi kweli kweli, mikono ya marehemu mwenyewe. Vifungo vilivikwa kitambaa kile kile. Kulikuwa na mkanda wa kiunoni uliotiwa karatasi ngumu ndani ili usijikunje. Na pindo la chini, alipoliwekea kile kioo cha jichoni, lilimfanya ainame zaidi: mishono midogo, imesimama sawa sawa, ambayo kwa nje huioni. Alijua pale pale kwamba hilo pindo hatalifumua. Atakata kutoka chini kwenda juu, na pindo la mama mkwe litakuwa pindo la gauni la mwanasesere vile vile lilivyo.

Kabla ya kukata akafanya anachofanya kila fundi mwenye akili zake: alilifua. Kitambaa kisichofuliwa kitakuja kurudi na kupungua baada ya kushonwa, na nguo ya mwanasesere ikirudi upana wa ukucha tu haifungi tena mgongoni. Aliondoa kwanza vifungo na ule mkanda, kwa sababu karatasi ya ndani ingelowa ikaharibika, akavitia kwenye kopo lake la vifungo, akafunika. Halafu akalisugua gauni kwa sabuni mara mbili. Maji yalitoka ya kahawia. Aliyamwaga uani akiwa amefurahi, maana nguo iliyokaa sandukuni ina harufu yake, na mwenye duka yule asingeivumilia.

Akashona siku mbili. Kwa wanasesere wa pembeni alitengeneza blauzi na sketi za mabaki. Kwa yule wa katikati alishona gauni refu lenye kiuno cha kubana, kola ndogo, mikono ya nusu, shanga nyeupe zikawa vifungo, na utepe mweusi ukawa mkanda. Alipomvika, akamsimamisha kwenye mwanga, hakuona plastiki. Aliona mwanamke mdogo aliyevaa kwenda mahali anapopapenda.

Kwa furaha hiyo ndipo alipokosa. Mzee Saa alikuwa amekaa kwenye kiti chake, na Mama Midoli akamwendea na mwanasesere mikononi, na kioo cha jichoni juu yake.

"Baba, tazama. Pindo la mama sikuligusa. Nimeliacha kama alivyolishona."

Mzee alipokea. Hakuchukua kioo. Alilitazama lile gauni muda mrefu, kisha akamsogeza mwanasesere karibu na uso wake, karibu kabisa, na Mama Midoli akadhani ni macho yameanza kumsumbua.

"Kitambaa umekitoa wapi?" aliuliza mzee taratibu.

Aligeuka kumtazama mumewe. Mumewe alikuwa anasoma dari.

"Sandukuni," alisema Mama Midoli. "Niliambiwa kwamba... nilidhani unajua, baba."

Mzee alimrudishia mwanasesere, akamweka vizuri kwenye viganja vyake kama anayeogopa asianguke.

"Umeshona vizuri, mwanangu," alisema.

Akainuka, akaingia chumbani kwake. Walisikia sanduku likishushwa kutoka juu ya kabati. Walisikia kifuniko kikifunguliwa. Baada ya hapo hawakusikia kitu, na chakula chake kikapoa mezani.

"Kwa nini hukumwambia?" Mama Midoli alimwuliza mumewe mlango wa chumba chao ulipofungwa.

"Angekataa."

"Ndiyo maana mtu huulizwa, ili akitaka akatae."

Mumewe aliweka kijiti chake chini. "Nimelala hapa kama gunia. Unatoka, unaingia, unadharauliwa na watu, mimi nakuna mguu. Nilitaka na mimi nilete kitu ndani ya nyumba hii. Hata kimoja."

Alimwonea huruma, na hasira haikuondoka. Vitu viwili hivyo vilikaa pamoja kifuani kwake usiku kucha.

Ijumaa mwenye duka alizipanga nguo zote mezani, akazitazama moja moja. Alimchukua yule wa gauni la buluu, akampeleka mwenyewe dirishani, akamsimamisha katikati. Nje mama mmoja aliyekuwa anapita alipunguza mwendo, akasimama, akainama kutazama.

"Umeona?" alisema mwenye duka. "Hajui kwa nini amesimama. Hicho ndicho nilichokuwa nataka. Kazi ni yako."

Mama Midoli alikuwa anamtazama yule mama wa nje. Alikuwa akifikiria watu wote ambao wangesimama pale, na mmoja wao ambaye siku moja angeingia, angelipia, angeondoka na pindo la mwanamke asiyemjua ndani ya mfuko. Alimfikiria mzee ambaye asubuhi ile alimpita ukumbini akamsalimia kwa upole ule ule wa kila siku, na upole huo ulikuwa umemuuma kuliko matusi.

"Dada," alisema, "huyu wa katikati naomba nirudi na gauni lake. Nitakushonea jingine."

"La kitambaa gani? Si ulisema umezunguka mji mzima?"

"Nitatafuta tena."

"Hebu subiri. Umeniletea, nimekubali, halafu unaninyang'anya?"

"Lina mwenyewe. Sikupaswa kulikata."

Mwenye duka alimkazia macho. Msichana wa kuuza aliacha kupanga maboksi. "Sikiliza, mama. Mimi sifanyi biashara ya machozi. Ukiondoa hilo, chukua na mengine yote, na usirudi hapa na sampuli."

Mama Midoli alipiga moyo konde. Akatoa kibano kwenye pochi, akainama ndani ya dirisha lile mbele ya watu waliokuwa wanatazama, akafungua vifungo kimoja kimoja mgongoni mwa mwanasesere. Alipomaliza, akakusanya na blauzi na sketi zilizokuwa mezani; yule mrembo alibaki uchi katikati ya wenzake, na msichana wa kuuza akaja mbio akamfunika kwa karatasi ya zawadi.

"Na watu wazima pia wanacheza midoli," mwenye duka aliwaambia wateja, na mmoja wao akacheka.

Mzee Saa alikuwa chumbani kwake, amekaa kitandani, saa zake zisizotembea zimepangwa kwenye rafu nyuma yake. Mama Midoli alibisha hodi, akaingia, akaketi kwenye mkeka. Aliweka mbele yake kile kigauni, na kando yake zile blauzi na sketi na mfuko wa mabaki yote, hata vijipande vya upana wa kidole.

"Nimelirudisha, baba. Na vilivyobaki ndivyo hivi. Sikutupa hata kimoja."

"Na kazi ya dukani?"

"Imekwisha."

Mzee alifumba macho, akayafumbua. "Ungeliacha tu huko, mwanangu."

Hakuelewa. "Baba?"

"Gauni. Kulikata si neno. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kukata. Shuka ikichanika leo, kesho ni foronya. Ungeniomba ningekushikia mkasi, na mwenyewe angefurahi kuona pindo lake linatembea." Alikichukua kile kigauni, akakisogeza puani, kama alivyofanya siku ile. "Lakini ulilifua."

Mama Midoli aliinua macho kumtazama.

"Mimi sanduku lile sikuwa nalifungua ili nitazame," alisema mzee. "Picha yake ninayo. Sauti yake nimeshaisahau, nakwambia kweli, hata nikijitahidi haiji. Harufu ile ndiyo ilikuwa imebaki. Mafuta yake ya nywele, na yeye mwenyewe. Siku nikizidiwa nilikuwa nafungua kidogo, nafunga haraka, isije ikaisha." Akatabasamu kwa shida. "Miaka yote hiyo nimeitumia kwa ubahili."

Yale maji ya kahawia yalimrudia machoni, na namna alivyoyamwaga uani kwa furaha. Akalia, waziwazi, bila kujificha. Gongo liligonga sakafu. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni, na ilionekana amesimama hapo kitambo.

"Baba, yeye hakujua," alisema. "Mimi nilimdanganya. Nilimwambia umekubali."

"Najua," alisema mzee. "Tangu mtoto ukidanganya unatazama ukuta. Kaa chini, utaanguka tena."

Mumewe akaketi pale pale kwenye kizingiti, mguu wa plasta umenyooka mbele yake. Na Mama Midoli, ambaye mikono yake ilikuwa imezoea kutenda hata akili ikiwa imesimama, alijikuta anarudia kazi hatua kwa hatua: nilitandika, nilitazama, niliondoa vifungo, niliondoa...

Aliinuka akamruka mumewe mlangoni. Walimsikia ukumbini akifungua kopo. Aliporudi alikuwa ameushika ule mkanda kwa kitambaa safi, mbali na mwili wake, mbali na mikono yake iliyonuka sabuni.

"Huu haukuingia majini," alisema. "Una karatasi ndani. Niliogopa utaharibika."

Mzee hakuupokea upesi. Alipangusa mikono kwenye shati, kwanza kiganja, kisha nyuma ya kiganja. Halafu akauchukua, akaukunja mara moja, akauweka usoni, akakaa hivyo. Mabega yake yalishuka. Mwanawe aliinamisha kichwa. Nje mtu alipita akiimba, akaenda zake.

Alipoushusha mkanda macho yake yalikuwa yamelowa, lakini uso ulikuwa umetulia. Alimtazama mkwewe aliyesimama pale amekumbatia kopo la vifungo.

"Wewe hukumkuta," alisema.

"Hapana, baba. Sikumkuta."

"Basi njoo." Alimpisha nafasi kitandani, akamnyooshea ule mkanda kwa mkono unaotetemeka. "Njoo taratibu, usivute pumzi nyingi. Huyu ndiye mama mkwe wako."

Mama Midoli akaweka mikono nyuma, akainama.